Timu Yetu ni ya Nani? Kutoka Tukuyu Stars Hadi Ihefu Iliyohamia Singida

 

Leo naandika nikiwa Igowole, Mufindi, na mada nimeiokota hapa hapa. Huku ukiingia kibanda umiza siku ya mechi ya Simba au Yanga, ubishi unaanza kwa mambo ya kawaida: refa kaona, refa hakuona, kocha kapanga vibaya. Lakini siku hizi hauishii hapo. Unaishia kwenye umiliki. Mo ana asilimia ngapi pale Simba? GSM ni mdhamini wa Yanga au ni mwenye nyumba? Wanachama wenye kadi bado wana kazi gani? Watu wanaochuma chai na kupasua mbao wanajadili hisa kama wako Soko la Hisa Dar es Salaam. Kisha anatokea mmoja anauliza: "Na Ihefu je? Nani aliwaambia waihamishe?" Hapo banda zima linapoa.

Linapoa kwa sababu swali hilo ni letu. La Simba na Yanga tunalijadili kama majirani wanaochungulia dirishani. La Ihefu ni la nyumbani. Ukitoka hapa unakwenda Mafinga, unakamata basi la Makambako, unapita hadi Igawa, unaingia Rujewa, halafu Ubaruku. Wapo vijana wa Mufindi walioifanya safari hiyo kwenda kuiona Ihefu ikimfunga mkubwa. Leo wakifika kule watakuta uwanja na mashamba ya mpunga. Timu haipo.

Nataka kulitazama jambo hili kwa historia kidogo, maana naona tunalijadili kama vile limeanza juzi. Hoja yangu ni hii: sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumekuwa na timu kubwa kwa miaka mingi, na karibu mara zote zimekuwa mali ya mtu mwingine. Kwa hiyo siku mwenye mali alipoondoka, timu nayo iliondoka au ilikufa. Na ile moja iliyobaki kuwa yetu, tuliiua wenyewe kwa njaa.

KADI ZILIKUWA KARIAKOO

Tuanze na wakubwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ikafuata mwaka 1936, ikapitia majina kadhaa, mojawapo Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Hizi zilikuwa klabu za wanachama. Mtu alikuwa na kadi, alilipa ada, alihudhuria mkutano mkuu, alipiga kura na alipochoka na uongozi alisusa. Uanachama huo haukuwa wa maneno tu. Mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970 ulikuwa mkali kiasi kwamba kundi zima, wachezaji kwa wanachama, lilitoka na kuunda Pan African mwaka 1976. Miaka 6 baadaye, mwaka 1982, Pan African ikawa bingwa wa nchi. Hiyo ndiyo nguvu ya mwanachama: anaweza kuondoka na nusu ya klabu.

Lakini kadi zile kwa sehemu kubwa zilikuwa za watu wa Dar es Salaam. Babu zetu huku walikuwa mashabiki wa redio. Waliipenda Yanga au Simba kwa sauti ya mtangazaji, na hawakuwahi kuuona mkutano mkuu hata mmoja. Naomba uliweke hili kichwani, maana ndipo tofauti kati ya shabiki na mwenye timu inapoanzia. Shabiki anatoa moyo wake, mwenye timu anapiga kura. Sisi tulitoa moyo.

MASHIRIKA YA UMMA NA MPIRA WAO

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, uchumi ulihamia kwenye mashirika ya umma, na mpira ukafuata. Angalia majina ya timu za miaka ya 1970 na 1980: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, CDA ya Dodoma, Sigara na Pilsner za Dar es Salaam, RTC za mikoani ambazo jina lake ni kampuni za biashara za mikoa. Mbeya tulikuwa na Mecco, timu iliyobeba jina la kampuni ya umma ya ujenzi na uhandisi.

Mfumo ulikuwa rahisi. Kijana anayejua mpira anaajiriwa na shirika. Asubuhi yuko karakana au ofisini, jioni yuko mazoezini, mwisho wa mwezi anapokea mshahara. Usafiri ni basi la shirika, jezi ni za shirika. Wazee wanaukumbuka mfumo huu kwa mapenzi, na wana haki. Mchezaji wa mkoani aliweza kuoa, kujenga na kusomesha bila kukimbilia Dar es Salaam.

Swali la timu ni ya nani halikuulizwa, kwa sababu jibu lilionekana wazi: ni ya umma. Shida ni kwamba "ya umma" maana yake ilikuwa ya meneja mkuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipoanza kubinafsisha mashirika, hakuna aliyeitisha mkutano wa mashabiki kuwauliza timu ipelekwe wapi. Mnunuzi alinunua mitambo, maghala na viwanja. Timu haikuwa na bei. Nyingi zikafa kimya kimya.

Katikati ya enzi hiyo ndipo lilipotokea jambo ambalo wazee wa Rungwe wakikusimulia macho yanang'aa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Hebu fikiria. Mji mdogo wa mvua na migomba chini ya Mlima Rungwe unazipita Yanga na Simba. Kabla yao, Mseto ya Morogoro ilifanya hivyo mwaka 1975. Baada yao wakafanya Coastal Union ya Tanga mwaka 1988 na Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Tangu mwaka 2001 kombe hilo halijatoka Dar es Salaam. Limezunguka kati ya Simba, Yanga na Azam, basi.

Upande wa Songea nako Majimaji walitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Mwaka 1999 ukaja Mbeya kupitia Tanzania Prisons. Kwa hiyo msituambie kwamba kusini hakuna mpira. Mpira ulikuwepo na mataji yalikuja. Kilichokosekana ni mzizi wa kuzishikilia timu hizi zinapopigwa na upepo. Tukuyu Stars haikudumu kileleni. Majimaji imepanda na kushuka hadi watu wamechoka kuhesabu. Mara ya mwisho ilishuka kutoka Ligi Kuu msimu wa 2017/18. Prisons imedumu zaidi kuliko wote, na sababu yake haihitaji utafiti: mwenye timu ni Jeshi la Magereza, na jeshi halibinafsishwi.

TIMU ZA HALMASHAURI

Mashirika yalipoondoka, nafasi yake huku kwetu ilichukuliwa na halmashauri. Mufindi tulikuwa na Kurugenzi, na jina lenyewe linakuambia timu ilikaa ofisi gani. Njombe walikuwa na Njombe Mji, ambayo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 na kushuka msimu huo huo.

Mfano mkubwa ni Mbeya City. Ilianzishwa mwaka 2011 ikiwa ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Msimu wa 2013/14, wa kwanza kabisa Ligi Kuu, ikiwa na kocha Juma Mwambusi, ilimaliza nafasi ya 3 nyuma ya Azam na Yanga. Ulikuwa msimu wa ajabu. Mabasi ya mashabiki yaliifuata timu mikoani, na watu ambao maisha yao yote walikuwa Simba au Yanga walivua jezi hizo na kuvaa zambarau. Kwa mara ya kwanza niliona watu wazima wa Nyanda za Juu wakisema "timu yetu" bila kumaanisha timu ya Kariakoo.

Je, ilikuwa yetu kweli? Tuwe wakweli. Mama anayeuza ndizi Mwanjelwa alilipa ushuru, ushuru ukaingia halmashauri, halmashauri ikaendesha timu. Kwa hesabu hiyo yule mama ni mmiliki. Lakini hakuwa na kadi wala mkutano mkuu, na hakuna aliyemsomea mapato na matumizi. Akija mkurugenzi anayependa mpira, timu inanenepa. Akihamishwa, akaja mwingine anayeona madawati ni muhimu zaidi, timu inakonda. Na huyo wa madawati naye huwezi kumlaumu! Mbeya City ilikaa Ligi Kuu misimu 10, ikashuka mwaka 2023 baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma kwenye mechi za mchujo, kisha ikapambana na kurudi kwa msimu wa 2025/26. Nampa hongera kila aliyeirudisha. Lakini swali la mama wa Mwanjelwa halijajibiwa.

MBOGO MAJI

Sasa tufike kwa Ihefu.

Jina Ihefu ni la ardhioevu ya bonde la Usangu, Mbarali, ambako Ruaha Mkuu inapata sehemu ya maji yake. Ndiyo maana timu iliitwa Mbogo Maji. Uwanja wao wa nyumbani, Highland Estate, uko Ubaruku, katikati ya nchi ya mpunga. Ilipanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza kwa msimu wa 2020/21, ikashuka, ikarudi msimu wa 2022/23.

Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika Ubaruku ikiwa haijafungwa kwenye ligi kwa mechi 49. Ihefu wakashinda 2-1. Rekodi ndefu kuliko zote katika historia ya ligi yetu ikakatwa kwenye uwanja wa shamba la mpunga. Wapo waliosema ni bahati. Tarehe 4 Oktoba 2023 Yanga wakarudi uwanja ule ule, na matokeo yakawa yale yale: 2-1, Ihefu.

Msimu huo huo wa 2023/24 ulikuwa haujaisha timu ikahamishiwa Singida, ikaanza kucheza nyumbani katika uwanja wa Liti. Msimu wa 2024/25 ukaanza na jina jipya kabisa: Singida Black Stars. Jina Ihefu likafutika kwenye msimamo wa Ligi Kuu.

Ukitaka kujua ukubwa wa kilichoondoka, angalia kilichofuata. Msimu ule wa kwanza wa jina jipya timu ilimaliza nafasi ya 4 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho. Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame, kisha ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Nafasi ile kwenye ligi ilipatikana kwa jasho la Ubaruku, matope ya daraja la chini na safari za usiku. Leo inapandisha ndege kwenda kucheza Afrika, na kijana wa Ubaruku anaitazama kwenye luninga akiwa amelipa kiingilio kibandani.

Kabla hujaanza kuwatukana watu wa Singida, subiri. Nao wameonja. Walikuwa na Singida United, ikashuka mwaka 2020 na kupotea. Mwaka 2022 timu ya DTB ya Dar es Salaam ilipopanda, ikapelekwa kwao na kuitwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikabadilika kuwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaitwa Fountain Gate tu na kuhamia Babati. Nayo Kitayosce ikaingia Ligi Kuu mwaka 2023 kwa jina la Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Yaani timu ya mpira inabeba jina la mamlaka inayokutoza kodi! Huu ni mchezo wa viti. Muziki ukizimwa mji mmoja unabaki umesimama, na safari hii uliosimama ni Mbarali.

Kosa liko kwenye namna tulivyozijenga hizi timu. Kwa mpangilio wetu, kinachomilikiwa ni usajili na nafasi kwenye ligi. Aliyeushika usajili ndiye mwenye timu. Watu 5,000 wanaojaza uwanja hawamo kwenye karatasi hiyo. Shabiki wa Ubaruku hakuwa na hisa wala kura ya kuzuia basi lisiondoke.

NA LIPULI TULIYOIUA WENYEWE

Hapa ndipo napotofautiana na wale wanaosema dawa ni moja tu: timu zirudi kwa wananchi. Jamani, Iringa tulikuwa na timu ya wananchi. Inaitwa Lipuli. Wanapaluhengo. Ilikuwa klabu ya wanachama, yenye viongozi wa kuchaguliwa, na uwanja wake ulikuwa Samora, katikati ya manispaa. Ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 baada ya kusota kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ikaitoa Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Lindi kucheza fainali na Azam tarehe 1 Juni na kufungwa 1-0. Tulikuwa bao moja karibu na Afrika.

Mwisho wa msimu wa 2019/20 ikashuka. Haijarudi.

Hakuna tajiri aliyeihamisha Lipuli. Ilibaki kwetu. Tulichoshindwa ni kuilisha. Timu ya Ligi Kuu inasafiri kutoka Iringa hadi Bukoba, kutoka Bukoba hadi Mtwara, na kila safari inahitaji mafuta, hoteli na chakula cha watu zaidi ya 25. Kuna mishahara, posho na matibabu. Viingilio vya mechi na Mtibwa siku ya Jumatano yenye manyunyu havitoshi hata dizeli. Sisi mashabiki tulijaa Samora siku ya Simba na Yanga, na wengi wetu siku hiyo tulivaa nyekundu au kijani. Siku nyingine tulibaki nyumbani, halafu tukalalamika timu inafungwa.

Kwa hiyo mezani tuna maiti moja na mtoro mmoja. Lipuli ilikufa mikononi mwetu. Ihefu inaishi, tena vizuri, mikononi mwa wengine. Ukiniuliza ipi inauma zaidi, nashindwa kujibu. Lakini hizo mbili ukizilaza pamoja unaona tatizo lote: watu bila fedha, au fedha bila watu.

SIMBA, YANGA NA ASILIMIA 51

Wakubwa wa Dar es Salaam wamelipigania swali hili kwa zaidi ya miaka 20, na vita yao ina mafunzo kwetu. Yanga ndio walioumia kwanza. Wazo la kuifanya klabu kuwa kampuni liliwagawa wanachama hadi tukawa na Yanga Asili, Yanga Kampuni na hata Yanga Academia. Wazee waliogopa kwamba siku klabu ikiwa kampuni, kadi zao zitakuwa karatasi za kufungia maandazi.

Agosti 2016 marehemu Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti, aliwaomba wanachama wamkodishie timu na nembo kwa miaka 10. Wakakubali kwa shangwe, lakini mpango ukagonga ukuta na haukutekelezwa. Kwa Simba, Desemba 2017 mkutano wa wanachama ulimtangaza Mohammed Dewji mshindi wa zabuni ya uwekezaji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Mazungumzo yalianza na yeye kuchukua zaidi ya nusu. Serikali ikasema hapana: klabu ya wanachama haiwezi kumpa mwekezaji zaidi ya asilimia 49, na 51 lazima zibaki kwa wanachama. Yanga nao wakafuata njia hiyo ya mabadiliko ya katiba, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais wa klabu.

Unaweza kubisha kama asilimia 51 za wanachama zina nguvu kweli mbele ya mtu mwenye mabilioni. Mimi mwenyewe nabisha. Lakini angalia jambo moja: hakuna anayeweza kuamka kesho akaihamishia Simba Dodoma na kuiita jina jingine. Kufuli lipo, hata kama limeshika kutu. Ihefu haikuwa na kufuli.

Na kanuni ile iliwalinda waliokuwa na kadi tayari, klabu za wanachama. Timu za watu binafsi, za kampuni na za halmashauri, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, zilibaki nje.

WENZETU WALIFANYAJE?

Uingereza kulikuwa na Wimbledon, timu ya kusini mwa London. Mwaka 2003 wenye timu waliihamishia Milton Keynes, mji mwingine kabisa, na mwaka 2004 jina likabadilika kuwa MK Dons. Mashabiki hawakusubiri kulia. Mwaka 2002, uhamisho ulipoidhinishwa tu, walianzisha timu yao, AFC Wimbledon, inayomilikiwa na wao wenyewe. Wakaanza mbali chini kabisa, wakapanda ngazi kwa ngazi, mwaka 2011 wakafika ligi ya kulipwa, na mwaka 2020 wakarudi kucheza mtaani kwao Plough Lane. Miaka 9 ya kupanda, 18 ya kurudi nyumbani. Ni uvumilivu wa mtu anayepanda mti wa mbao.

Ujerumani tangu mwaka 1998 wana kanuni kwamba wanachama wa klabu lazima wabaki na zaidi ya nusu ya kura, hata tajiri akiingia. Bila shaka umeona 51 yetu inafanana na nani.

Kuna mfano mwingine kutoka Kanada, kwenye ule mpira wao wa kubeba mkononi. Mkoa wa Saskatchewan ni wa wakulima wa ngano, baridi yake huwezi kuilinganisha hata na ya Mufindi mwezi wa 7. Timu yao, Roughriders, ni ya mwaka 1910, na ni ya jamii. Wakulima na walimu wamenunua hisa zake, na hisa hizo hazilipi gawio hata senti. Anayenunua anapata karatasi ya kutundika ukutani na sauti kwenye mkutano. Basi. Lakini hata Kanada si peponi: Edmonton ilikuwa ya jamii tangu mwaka 1949, ikaelemewa na hasara, na Agosti 2024 ikauzwa kwa mfanyabiashara. Mashabiki wake walijadiliana vile vile kama sisi kibandani: bora ibaki yetu ikiwa maskini, au iuzwe ipone? Tofauti yao na Ubaruku ni kwamba wao waliuziwa timu iliyobaki mjini kwao, na jina likabaki.

TUFANYE NINI?

Mimi si mtaalamu wa sheria za michezo, ni mwandishi tu. Lakini naona mambo matatu yanayowezekana.

La kwanza, jina na mji vitenganishwe na fedha. Tajiri akija kuichukua timu ya Mbarali, Chunya au Mafinga, mkataba useme wazi kwamba jina na uwanja wa nyumbani havibadiliki bila kura ya chama cha mashabiki kilichosajiliwa. Akikataa sharti hilo, tumejua mapema alikuja kufuata nini.

La pili, halmashauri zinazomiliki timu ziwauzie wananchi sehemu ndogo, hata asilimia 10, kwa bei ya chini. Watu 5,000 wakitoa shilingi 10,000 kwa mwaka ni shilingi milioni 50. Najua haziendeshi timu ya Ligi Kuu. Lakini zinanunua viti kwenye meza, na aliye mezani haambiwi na redio kwamba timu imehama.

La tatu ni chungu. Tuvue jezi za Kariakoo, angalau siku timu ya kwetu inapocheza nao. Huwezi kudai umiliki wa timu ambayo unaizomea mara mbili kwa mwaka.

Nimewaeleza haya vijana wa hapa, na jibu la mmoja wao, fundi wa pikipiki, limenibakia. Alisema: "Kaka, wewe unasema tuchange. Tukichanga, tukapanda, akaja mtu na bilioni moja, viongozi wetu watauza tu." Sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia kwamba ndiyo maana tunahitaji karatasi kabla ya kupanda daraja, maana baada ya kupanda kila mtu anakuwa na haraka. Hakuridhika. Akauliza nani ataiandika hiyo karatasi.

Swali lake ni zuri kuliko makala yangu yote, kwa hiyo nawaachia. Wanasheria mnaosoma hapa, watu wa halmashauri, wazee mlioiona Tukuyu Stars ya mwaka 1986, Wanapaluhengo mlioko Dar es Salaam mnaoishangilia Simba: nani ataiandika, na jina la nani litakuwa la kwanza kwenye orodha?

Naomba kuwasilisha.